Alama ya Kubembeleza

Wifi yangu alikuwa na kazi ya kukaa. Ukimwambia hivyo anakasirika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi anavaa sketi ndefu na raba zisizopiga kelele, anakwenda kwenye kituo cha kulelea watoto, anachukua kiti kidogo kuliko vyote, anakisogeza pembeni na kukaa. Anakaa tangu mlango unapofunguliwa mpaka watoto wanapolazwa mchana. Hasemi na mtu. Mtoto akimchekea, hacheki. Mlezi akimletea chai, anatikisa kichwa. Jioni akirudi magoti yamekufa ganzi, anajitupa kwenye kochi, nami namwuliza, "Haya wifi, leo umekaa vizuri?" Kandambili inapita karibu na sikio langu.

Huo ndio ulikuwa utani wetu, na utani wa mawifi hauna adabu. Mimi nimeolewa na kaka yake, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu anayeijua nyumba yake kwa picha zaidi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu sisi watatu: mimi, wifi, na binti yangu wa miaka mitatu na kitu, aliyepewa jina la marehemu mama yao. Kwa ajili ya jina hilo wifi hakuthubutu kumtaja mtoto kwa jina hata siku moja. Alimwita Mama. Mtoto naye, kufumbua macho tu, alipiga kelele "Shangazi!" na wifi, hata kama yuko bafuni na povu usoni, aliitika "Abee, Mama!" Yeye hakujaliwa kuzaa. Mume alikuwa naye akaenda zake, na hayo ni mambo yake, siyaingilii. Ninachoweza kusema ni kwamba yule mtoto alikuwa wetu wawili, na kuna siku nilijiona mimi ndiye msaidizi.

Zamani wifi alikuwa mwalimu wa chekechea. Halafu ukaja mradi wa kuinua malezi ya watoto wadogo. Vituo vikagawiwa mikeka, vitabu vya picha na vitu vya kuchezea, walezi wakapelekwa mafunzo. Lakini mtoa fedha naye ni binadamu, anataka kujua kama alichotoa kimezaa chochote. Basi kituo kinapimwa kabla ya mafunzo, kinapimwa tena baada ya mafunzo, na tofauti iliyopo kati ya kipimo na kipimo ndiyo inayopelekwa kwa wakubwa. Wifi akawa mpimaji. Alitazama kama mikono ya watoto inanawishwa, kama mlezi anazungumza nao au anawafokea, na mtoto akilia, nani anakwenda, na akifika anafanya nini.

Sharti kubwa la kazi ile lilikuwa moja: mpimaji asiwe mtu. Awe ukuta. Akicheka, watoto watamjia, na wakimjia chumba kinageuka, akawa hapimi tena walezi, anajipima mwenyewe. Wifi alilishika sharti hilo barabara, hata walezi wakambandika jina la Mama Ukuta. Walilisema kwa kunong'ona, naye alilisikia kila aliposogeza kiti.

Miaka ya mwanzo alirudi na vituko tele, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye vituko vikaisha. Akawa anarudi, anakunywa maji, anatazama dari. Siku moja nilimwambia kazi ya kukaa haichoshi mtu namna hiyo. Akaniambia, "Wifi, leo kulikuwa na katoto kanatokwa kamasi mpaka mdomoni. Leso ninayo mfukoni. Nimekaa nayo asubuhi nzima." Nikaenda kuinjika chai.

Sasa mimi ni mpiga pasi kwa dobi. Mtoto nilikuwa namwacha kwa mama mmoja mzee, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Miguu yake ilipomshinda, mwanawe akaja kumchukua, nami nikabaki na mtoto mkononi na pasi inanisubiri. Ilibidi nitafute kituo, tena upesi. Na ndani ya nyumba yangu analala mtu anayevijua vituo vyote vya mji mpaka uvunguni. Nani angekuwa na bahati kama yangu?

"Kituo gani kizuri, wifi?"

"Sisemi. Ni siri ya kazi."

"Nakuuliza kwa ajili ya mtoto wa kaka yako, si mtoto wa barabarani."

"Najua ni mtoto wa nani. Sisemi."

"Basi nitataja kimoja kimoja. Kilicho kizuri, wewe kohoa tu."

"Nina mafua, wifi. Nitakohoa vyote."

Nilinuna siku mbili. Yeye hakujali, kununa kwangu alikuwa amekuzoea. Ndipo nikaamua kumsoma uso. Si mimi peke yangu niliyefanya hivyo. Walezi wote wa mji walikuwa wanamsoma, wakipigiana simu kwamba leo amepita kakunja uso, leo amepita anatazama juu. Nikawa natoka naye siku za mapumziko, najidai kwenda sokoni, huku namtazama anavyosalimiana na watu. Tulipopita kituo kilicho karibu na posta, mwenye kituo alituamkia vizuri sana, wifi akaitikia kwa kichwa na kupita. Nikajisemea, hapo hapana. Tulipofika kwenye nyumba yenye geti la kijani, wifi alisimama. Akauliza habari za nyumbani, akashika mkono wa mwenye kituo kwa mikono yake miwili, akamwulizia hata mguu uliokuwa ukimsumbua. Moyo wangu ukatulia. Nikasema hapa ndipo.

Wiki iliyofuata wifi alisafiri kwa kazi ya kupima mji mwingine. Sikutaka kusubiri ruhusa ya mtu asiyesema. Nikampeleka mtoto geti la kijani, wakampokea, nikawahi pasi zangu. Wifi alirudi jioni moja, amechoka hata mkoba ulimshinda kuupandisha kitandani. Mtoto alikuwa amekwisha lala. Nilitaka kumwambia habari ya kituo, kwa kujigamba kidogo, nimwoneshe kwamba hata ukuta unasomeka. Nikamtazama macho yalivyoingia ndani nikasema, haya, kesho. Kesho yake alitoka hatujaamka. Wapimaji hupewa jina la kituo asubuhi ile ile, ili habari zisitangulie. Siku hiyo alipewa geti la kijani.

Yaliyotokea humo ndani sikuyaona. Mengine nilisimuliwa na wifi mwenyewe kwa vipande, mengine na mlezi msaidizi wa pale, msichana mmoja mwembamba ambaye watu walimwita Filimbi. Jina hilo lilikuwa na sababu. Kwenye kipimo cha kwanza alikuwa na filimbi shingoni. Akipuliza mara moja, watoto wakae. Mara mbili, wasimame. Mara tatu, ole wake atakayepumua. Watoto wale walizijua filimbi kuliko majina yao. Baada ya hapo alipelekwa mafunzo pamoja na wenzake, akarudi bila filimbi, na wengi walisema atarudia tu, subirini mradi uishe.

Nilimfikisha mtoto getini, nikambusu, nikakimbia, kwa sababu siku ile kulikuwa na mashuka ya hoteli. Akaingia. Wifi alikuwa pembeni kwenye kiti chake kidogo.

"Shangazi!"

Kimya. Mtoto akadhani hajasikika, akaita tena kwa nguvu. Kimya. Akadhani ni mchezo, akafunika uso kwa viganja na kuchungulia, kama wanavyofanya nyumbani. Ukuta haukuchungulia. Akasogea mpaka akaweka mkono kwenye goti la shangazi yake. Wifi aliniambia kwamba alitazama juu ya kichwa cha mtoto, kwenye ndoo ya maji ya kunawia, akaanza kusoma maandishi ya kampuni yaliyokuwa kwenye ndoo.

"Shangazi," mtoto akasema, "ni mimi." Akajitaja jina lake lote, la kwake na la baba yake, jinsi tulivyomfundisha aseme akipotea.

Wifi alikuwa na njia mbili. Mpimaji akikuta ndugu yake ndani, anatakiwa asimame, apige simu ofisini, aondoke, na siku hiyo inafutwa. Lakini ile ilikuwa wiki ya mwisho ya vipimo, na wapimaji wote walikuwa wamekwisha pangiwa vituo. Kituo ambacho hakikupimwa huhesabiwa kuwa hakikubadilika, na kisichobadilika hakiendi hatua ya pili, ambako walezi wangesomeshwa mpaka wapate cheti. Akatazama wale walezi wawili, wamejitahidi, wamefagia, wamepanga vitabu chini mtoto anapofika. Akaona akisimama anawaua, na mtoto atamwacha analia vilevile. Akabaki. Alijipa moyo kwamba mtoto atachoka.

Hakuchoka. Alilia, tena si kile kilio cha kudeka. Filimbi aliniambia kwamba alijua wamekwisha, maana siku ya kipimo mtoto akilia miguuni pa mpimaji, utaanzia wapi? Mwenye kituo akamfanyia ishara amwondoe mtoto haraka, amtoe nje.

Filimbi hakumwondoa. Alikuja akaketi sakafuni, hatua moja kutoka kwenye raba za wifi.

"Huyu ni shangazi yako?"

"Haniitiki."

"Nimeona. Haitiki. Inauma, eeh?"

"Ndiyo."

"Mimi sijui kwa nini haitiki. Ila mimi naitika. Hebu niite."

Mtoto akavuta kamasi. "Dada."

"Abee."

"Dada!"

"Abee, mwanangu."

Akamwita tena, na tena, kwa ule ukaidi wa mtoto anayejaribu kama na huyu atanyamaza. Filimbi akaitika kila mara, hakuruka hata moja. Watoto wengine wakaona huo ni mchezo mtamu, wakaja nao, chumba kizima kikawa "Dada!" na "Abee!" mpaka mwenye kituo akashika kichwa. Binti yangu alipanda mapajani mwa Filimbi, na pale akabaki. Walinawishwa mikono akiwa pale, walisoma kitabu cha wanyama akiwa pale. Alilala mchana ameushika ukosi wa gauni la yule msichana.

Kwenye karatasi za wifi kuna mstari wa mtoto anayelia. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuwekea alama ya juu kabisa. Siku ile aliiweka. Kisha akainuka, magoti yakalia, akaenda moja kwa moja ofisini akamwambia mratibu kwamba aliyelia ni mtoto wa kaka yake.

Mratibu alikuwa kijana mwenye heshima zake. Alivua miwani, akasugua macho. "Mama," alisema, "kwa nini umeniambia?"

Mimi hayo yote sikuwa nayajua. Nilimchukua mtoto jioni, ametulia, na njiani akaniambia, "Mama, kule kuna shangazi mwingine. Yeye haitiki." Nikacheka, nikadhani ni maneno ya watoto. Wifi akaingia nyumbani magharibi, akasimama mlangoni hata mkoba hajautua.

"Mama," akaita.

Mtoto alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayelinganisha picha. Kisha akaja nyuma yangu akashika gauni langu.

Wifi aliponisimulia, nilipandwa na hasira ambazo sikujua ninazo. Nilimwambia maneno mazito. Nilimwambia hata jicho? Hata kumkonyeza mtoto ungeshindwa? Kazi gani hiyo ya kumkana mtoto wako?

"Ningemkonyeza angefurahi," alisema. Sauti haikuwa na nguvu ya kugombana. "Angekaa na mimi siku nzima. Na yule msichana angepata sifuri tena, safari hii bila kosa. Halafu wewe, nani alikwambia umpeleke pale?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Salamu zako. Ulivyomshika yule mwenye kituo mikono, nikajua pana kheri."

Wifi alinitazama, akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko cha mtu aliyechoka, kinachoishia machozini. "Wifi, mimi namsalimia vile mtu niliyempa alama mbaya. Namwonea huruma. Kipimo cha kwanza wale ndio walikuwa wa mwisho mji mzima." Akajifuta uso kwa kitambaa cha meza. "Wa posta ndio wa kwanza. Nao sina sababu ya kuwashika mikono."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimemchukua mwanangu kwa akili zangu zote na kumpeleka kwa waliofeli. Nikasema asubuhi namwondoa. Wifi akasema, "Subiri kidogo." Nilimwuliza nisubiri nini, kituo kizuri au kibaya? Akarudi kule kule kwa zamani, siri ya kazi.

Siku ile ya kipimo ilifutwa. Walipelekewa mpimaji mwingine kwa haraka, mama mmoja mpole kutoka ofisi ya wilaya, akakaa kwenye kiti kile kile. Siku hiyo hakuna mtoto aliyelia. Walicheza, wakanawa, wakalala. Na kituo ambacho hakuna aliyelia hakina pa kupatia alama ya kubembeleza. Mstari ule unaachwa wazi, na vingine vinahesabiwa vilivyo. Geti la kijani likapata alama za katikati, likakosa hatua ya pili kwa kidogo sana. Filimbi hakwenda kusomea cheti. Ripoti ikaandikwa kwamba katika kituo hicho mafunzo hayakuleta mabadiliko makubwa.

Wifi alipoambiwa, alikuja kukaa nami jikoni, nikiwa napanga vyombo.

"Ningenyamaza tu," alisema.

"Si ungenyamaza basi! Nani angejua?"

"Mimi. Ile alama ningekuwa nimeitoa kama shangazi, si kama mpimaji."

"Kwani ilikuwa ya uongo?"

"Haikuwa ya uongo."

Nikamwambia basi sikuelewi, akasema hata yeye hajielewi, na kwamba kesho anaanza kupima kule ng'ambo ya mto, aamshwe mapema. Huyo ndiye wifi yangu. Mwingine angeacha kazi, angeandika barua kali. Yeye alilowesha soksi zake kwenye beseni.

Mtoto hakumsamehe. Si kwamba alimnunia. Watoto wadogo hawanuni siku nyingi. Alikula naye, akamwacha amsuke nywele. Ila hakumwita tena. Alipotaka kitu alisema "Mama, mwambie huyu." Wifi alikuwa akitoka bafuni asubuhi mwenyewe, bila kuitwa, anapita katikati ya nyumba akiwa kimya.

Mimi bado nilikuwa na swali langu. Kituo cha posta kilikuwa na nafasi, wamenipigia simu, wanataka jibu siku hiyo hiyo. Cha kwanza mji mzima! Nilikwisha nunua hata sare yao. Nikamwambia wifi leo namwondoa mtoto geti la kijani, nakwenda kuaga. Alikuwa amerudi mapema. Akavaa raba zake.

"Twende wote," akasema.

Tulikuta watoto wako uani, jioni ya kuchukuliwa. Nilibaki nyuma kufunga geti, kwa hiyo aliyetangulia kuonekana alikuwa wifi. Binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye mchanga. Akamwona. Sikuona anachoogopa, labda alidhani ni yule mwingine, asiyeitika, amerudi. Alisimama, akakimbia kwa nguvu zake zote kumwelekea Filimbi, akajificha nyuma ya miguu yake. Filimbi hakushtuka. Alishusha mkono tu bila hata kutazama, na mkono ukakuta kichwa cha mtoto pale pale kilipo.

Wifi alisimama katikati ya ua. Hakusogea mbele wala hakurudi nyuma. Namjua alivyo akiwa kazini, macho yanatulia, na hivyo ndivyo yalivyokuwa. Kisha akanigeukia.

"Umekuwa ukiniuliza," alisema. "Sasa nakujibu. Mwache hapa."

"Una hakika?"

"Mtoto akiogopa, anakimbilia kwa nani? Hilo ndilo tunalokaa siku nzima kulitafuta, wifi. Siku nyingi tunarudi nyumbani hatujaliona. Leo umeliona mwenyewe."

Nilitaka kumwambia kwamba anayeogopwa ni yeye. Alikuwa ameliona kabla yangu, kwa hiyo nikalimeza. Nilimsalimia Filimbi, nikamwambia tutaonana kesho, sikutaja posta. Yeye alishika mkono wa wifi kwa mikono miwili, akamwuliza habari za nyumbani. Wifi akasema njema.

Tukaanza kurudi. Mtoto alitembea upande wangu, mkoba wake mdogo mkononi, ananisimulia habari za konokono. Wifi alikuwa upande wa pili. Tulipofika kwenye barabara kubwa, magari yanapita kwa fujo, nikamwambia mtoto ampe shangazi mkono tuvuke. Akafikiri. Akampa mkoba.